Wavu Uliokuwa Ukipumua

Busia, Jumamosi alasiri

Athieno mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, angalia ni nani aliye karibu nawe. Kama yuko mtu, ikunje barua hii, uirudishe chini ya shuka ndani ya sanduku, usome ukiwa peke yako. Nakuomba sana maneno haya yasitoke kwako. Usimsomee rafiki hata akiapa, usiyapige picha, na ukimaliza usiyaache katikati ya daftari. Sababu ni tatu. Ya kwanza inahusu ofisi yangu. Ya pili ni aibu yangu. Ya tatu nimeiweka mwisho wa barua, na hiyo ndiyo inayoweza kutuletea mwizi.

Unanijua, mimi ni mtu wa kuogopa. Fomu moja ya lori linalovuka mpaka naisoma mara tatu kabla ya kuigonga muhuri, halafu njiani kurudi nyumbani najiuliza kama niliigonga kweli.

Sasa hivi uko kwa kinyozi. Ukirudi utakuwa na kichwa cha mwanafunzi wa sekondari, nami nitasema umependeza. Nilitaka kukueleza haya kwa mdomo. Jana nilianza, ukiwa unaosha vyombo, ukageuka ukanitazama, nikakuuliza kama umeona kifuniko cha sufuria. Kifuniko kilikuwa mkononi mwangu. Ndipo nikajua kwamba itabidi niandike.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za viatu, wala saa ya kulala. Hayo mama yangu, Jaja wako, anayajua kuliko mimi. Nilikuzaa kabla sijamaliza shule, na yeye ndiye aliyeniambia, "Rudi darasani, huyu niachie," akakulea kule kijijini Paya miaka saba mpaka nilipopata kazi nikakuleta hapa. Kesho unarudi kuishi naye na kusoma huko. Na hapo ndipo penye jambo langu: unakwenda kuishi na mtu niliyemkosea, na nilimkosea kwa kutumia ugonjwa wako. Usishtuke. Jambo lenyewe limekwisha vizuri, na ninakuandikia nikiwa nimepumua. Lakini ni haki yako kulijua lote, kwa sababu wewe ndiye uliyelala chini ya lile dirisha.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja tulipohamia nyumba hii. Unakumbuka dirisha la nyuma linavyotazama mtaro ambao maji yake hayana haraka ya kwenda popote. Mwenye nyumba aliniambia, "Hapa hakuna mbu, karani. Wote wamevuka kwenda Kenya." Nilicheka, nikachukua ufunguo, na jioni ile ile tukawakuta wote wamerudi.

Nilinunua wavu wa nailoni wa dirishani, mita mbili, ule wa kijani wenye matundu madogo. Baada ya hapo sikuwa na kitu cha fundi, wala cha mbao, wala cha misumari. Nikajiambia kwamba kazi yangu ya kila siku ni kubana vitu vikae pamoja. Nitashindwaje na dirisha? Ijumaa nikaitia stepla ya ofisi ndani ya mkoba, chini ya kitambaa changu cha kichwa, bila kumwomba mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya siri. Mpaka leo nikiona mtu anafungua droo ya ile stepla, moyo unaniruka.

Jumamosi ulinishikia kiti. Nilibana wavu ule kama ninavyobana hati: pini moja kila kona, moja katikati ya kila upande, basi. Niliona imetosha kabisa, kwa sababu karatasi hata zikiwa ishirini hushikwa na pini moja, na hazijawahi kunilalamikia. Ulipiga makofi. Nami nilishuka kwenye kiti nikiwa na majivuno ambayo sikuwa nayo hata siku niliyopewa cheti.

Pini za stepla zilitengenezwa kwa karatasi, Athieno. Mbao za fremu ile ni ngumu, na miguu ya pini haikuingia. Ilijikunja juu juu tu, ikasimama kama mtu aliyepewa kiti na hajaketi. Kwa mbali kazi ilipendeza. Jumatatu nikairudisha stepla, na mkubwa wangu akauliza, "Nani amemaliza pini zote hizi?" Sisi makarani wote watatu tukaitazama stepla kana kwamba ndiyo itakayojibu. Wiki iliyofuata nilinunua boksi zima la pini kwa mkono wangu nikaliweka pale. Hakuna aliyeniona nikiliweka, na hilo nalo liliniogopesha.

Mvua zikaja, pini zikashika kutu. Mchana mmoja ulikuwa umelala chali kitandani, huna la kufanya, ukaniita: "Mama, wavu unapumua."

Nilikuja nikatazama. Upepo wa mtaroni ulikuwa ukiujaza wavu, na kona ya chini, mkono wa kushoto, ikijiinua, ikishuka, ikijiinua. Hukukosea neno. Ulikuwa unapumua kweli.

Nikasema, "Ni upepo tu." Nikavuta pazia.

Nilikusudia kuutengeneza Jumamosi. Jumamosi ile niliitwa kazini. Jumamosi iliyofuata ilinyesha. Ya tatu sikumbuki ilikuwa na sababu gani. Neti ya kitandani ulikuwa nayo, lakini kwa joto ulikuwa ukitoa miguu nje, na mimi sikukukemea kwa sababu nilijipa moyo kwamba dirisha lina wavu. Ndivyo ilivyo kazi iliyofanywa nusu. Dirisha lisilo na wavu lingenitia woga, na woga ungenilazimisha kukufunika vizuri. Wavu wangu mbovu ulinipa usingizi.

Likizo ikafika, ukaenda Paya kwa Jaja. Ukarudi umenona, unanuka moshi na karanga. Majuma mawili baadaye, Jumanne, ulikataa uji, ukaanza kutetemeka kwenye jua la saa nne. Nilikubeba mgongoni mpaka barabarani ingawa miguu yako ilikuwa tayari inanifika magotini.

Hospitalini muuguzi alikupima, akaniuliza huku akiandika, "Mtoto amesafiri hivi karibuni?"

Nikajibu, "Ametoka Paya kwa bibi yake."

Maneno matano. Ukiyachunguza moja moja yote ni ya kweli, na hata mtu wa ofisini kwetu angeyagonga muhuri. Lakini nilipoyasema, nilikuwa nikiiona ile kona ya chini, mkono wa kushoto, na nilijua ninayasema ili muuguzi asiulize la pili. Hakuuliza. Akaandika "Paya", nami nikaitazama kalamu yake ikiandika, nikahisi nafuu. Nafuu ya namna hiyo naijutia mpaka leo.

Siku ya pili ukiwa umewekewa dripu, na macho yako hayanitambui sawasawa, nilitoka nje nikampigia Jaja. Sikumsalimu. Nilimwambia, "Mama, neti zako ziko wapi? Mtoto amerudi na malaria ya Paya!" Nilisema na mengine ambayo sitaki kuyaandika. Akina mama waliokuwa wakianika nguo kwenye nyasi waligeuka wakanitazama.

Jaja aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Nitatafuta neti nyingine. Yeye anakunywa maji?"

Siku ya nne uliketi kitandani, ukadai chapati. Sitasahau ile chapati. Uliila ukiwa umeishika kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nikihesabu kila unapotafuna. Ulipopata nguvu ya kuzungumza ukanisimulia habari za Paya, bila kujua unaniambia nini: kwamba ulilala ndani ya neti mpya nyeupe, na kwamba Jaja alikuwa akijifunika shuka mpaka kichwani kama maiti, ukamcheka, kwa sababu neti ilikuwa ni hiyo moja tu.

Athieno, sijui ni mbu gani aliyekuuma. Hakuna anayeweza kujua. Huenda kweli alikuwa wa Paya. Lakini mimi nilikuwa na tundu ninalolijua, na Jaja alikuwa na neti moja akakupa wewe, na ni yeye niliyemgombeza.

Baada ya hapo sikukuruhusu kwenda. Miaka miwili uliniomba kila likizo, na kila likizo nilikujibu, "Paya kuna mbu." Kana kwamba mbu wa Busia ni makarani, saa kumi na moja wanafunga droo na kwenda kwao. Ulikasirika, nikakuona una adabu mbaya. Kumbe nilikuwa nikiogopa kitu kimoja tu: kwamba mtaketi wawili, mtazungumza, na hesabu ya siku itawaonyesha mlango wa nyumba yangu.

Wavu wenyewe niliutengeneza juma lile ulilotoka hospitalini. Nilimwita Fundi Wandera, yule Msamia anayechonga vitanda upande wa pili wa barabara. Alisimama mbele ya dirisha, akazigusa pini kwa kucha, moja ikadondoka.

"Mama Athieno," akasema, "hii ni faili ama ni dirisha?"

Niliinama nikaokota ile pini.

"Hapana, niambie tu. Kama ni faili, mimi sijasoma sana, niitie karani."

"Fundi, nitengenezee tu."

"Sitengenezi. Nikitengeneza leo, ikitoboka kesho utavuta pazia tena. Shika nyundo." Alikuwa ameliona pazia. Watu wa kazi za mikono huona vitu.

Basi alikaa juu ya ndoo, akala ndizi zangu zote, akanifundisha kwa matusi madogo madogo. Nakuandikia alichonifundisha kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojifunza utu uzima ambacho kimenifaa kila siku. Ukingo wa wavu unakunjwa mara mbili, kama pindo la sketi yako, ili msumari ushike tabaka tatu badala ya moja. Unaanza katikati ya upande wa juu, unakwenda nje taratibu kulia na kushoto. Ukianza na kona, wavu utakuvutia mikunjo mpaka mwisho. Msumari mtupu hupasua wavu, kwa hiyo kila msumari unavalishwa kizibo cha soda kilichopondwa bapa, na chini ya kizibo unapitisha ukanda wa tyubu ya baiskeli iliyokufa. Vizibo niliviokota mlangoni kwa muuza soda, na tyubu nilipewa bure na fundi wa baiskeli, aliyeniuliza kama nimeanza kutengeneza manati. Tundu dogo hushonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, kwa kuzunguka tundu kwanza kabla ya kulifunga. Ukimaliza unapitisha kipande cha karatasi nyepesi kando ya ukingo wote, upepo ukivuma. Karatasi ikicheza, hujamaliza.

"Na usiupende sana," alisema Fundi Wandera akijipangusa mdomo. "Wavu ukiupenda unaacha kuuangalia."

Neti ya kitandani iko palepale, hata dirisha likiwa zima. Miguu ndani. Hilo moja tu nitaliamuru katika barua hii.

Matokeo yako yalipotoka, na ukapata nafasi katika ile shule ya jirani na Jaja, ulisema unataka kwenda hata kabla sijakuuliza. Nilikaa siku mbili nikitafuta sababu ya kukataa. Nilikuwa nayo ile ya zamani, imekaa tayari mdomoni. Siku ya tatu nikanunua wavu mwingine, nikajaza vizibo kwenye kopo la maziwa, na Jumamosi iliyopita nilipokuambia nina semina ya kazi, nilikuwa Paya. Nisamehe na hilo.

Jaja alinikuta nimesimama mbele ya dirisha la chumba atakachokupa, nikipima kwa mkono. Unajua akitaka kunichokoza huacha Kidhopadhola chetu na kuingia Kiswahili chake cha kuuzia karanga sokoni.

"Karani! Wewe nakuja kwangu na nyundo? Nani alikufa?"

"Hakuna, Mama. Naweka wavu."

"Wewe? Msumari hii unashika kama kalamu. Utaandika dirisha barua."

Nilipanda juu ya kiti. Nilikuwa na misumari minne mdomoni, na nakuambia kweli, niliiacha humo makusudi, kwa sababu mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kuulizwa kitu. Nilipiga upande wa juu wote. Jaja alikuwa akininyooshea vizibo kimoja kimoja, akivipangusa kwanza kwa khanga yake kana kwamba ni vikombe vya wageni. Nilipofika kona ya chini, mkono wa kushoto, nikaishusha nyundo. Nikaitema misumari kiganjani.

Nikamwambia yote. Stepla, kutu, kona, pazia, muuguzi. Nikamwambia kwamba siku ile niliyompigia simu nilikuwa najua. Sikumtazama, nilikuwa nauambia ukuta.

Akasema, "Mimi nilijua siku ile ile."

"Ulijuaje?"

"Athieno aliniambia. Hapa hapa, likizo, kabla hajaugua. Alilala kwenye neti akasema, 'Jaja, ya kwetu wavu unapumua.' Nikamuuliza, unapumua namna gani? Akanifanyia hivi." Akainua pembe ya khanga yake, akaishusha, akaiinua.

Nilishuka kwenye kiti. Nilimuuliza kwa nini hakunijibu, kwa nini alinyamaza nikamtukana, kwa nini alisema pole.

"Ulikuwa na mtoto hospitali. Ningekupa na hiyo, ungeweka wapi?" Kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Na wewe nakujua toka mdogo. Ulivunja chungu changu, ukasema ni mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa! Nilikupiga? Nilikungoja. Ulikuja kusema baada ya mavuno. Safari hii umechelewa kidogo tu."

"Miaka miwili, Mama."

"Nimesema kidogo. Panda, maliza kona. Jua nakwenda."

Nilipanda. Unajua ile hali ya kudhani umegonga muhuri mahali pabaya, ukakesha nayo, na asubuhi ukafungua faili ukakuta pako sawa? Mara mia ya hiyo. Nilipiga ile kona misumari mitano mahali ambapo miwili ingetosha. Jaja alichukua kipande cha karatasi mwenyewe, akakipitisha kando ya ukingo wote huku amekunja uso kama mkaguzi, na kilipofika kwenye kona kikatulia. Akaniambia, "Haya, karani, gonga muhuri." Tulikula muhogo na karanga, tukakuzungumzia wewe mpaka gari langu likanipita.

Nimeandika haya kwa kuwa utalala chini ya dirisha hilo, na utaona vizibo vya kila rangi, na misumari mingi kupita kiasi kwenye kona moja. Sikutaka uambiwe kwamba mama yako hajui kupiga hesabu ya misumari. Na kuna hili pia. Siku utakapofanya kosa la kwanza ukiwa mbali nami, na utafanya, hutahitaji kutunga uongo. Utakuta sentensi iliyo kweli kabisa imekaa karibu, inakungoja uitumie. Nimekaa ndani ya sentensi kama hiyo miaka miwili. Hewa yake ni ndogo. Siku unayoambiwa kwamba kitu kinapumua, njoo utazame, na usivute pazia. Wewe uliona kabla yangu ukasema wazi. Uliwaambia watu wazima wawili, mmoja akavuta pazia, mwingine akakukumbuka. Ubaki hivyo.

Sasa jinsi ya kunipata, na hii ndiyo sababu ya tatu, kwa hiyo angalia tena nyuma yako.

Simu ya Jaja huzima kila baada ya siku mbili. Ikizima, mwombe kinyozi wa pale senta, penye maduka, akuruhusu utumie yake. Namba yangu nimeiandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako, upande wa bawaba, kwa kalamu isiyofutika. Ukipiga nikikata, niko kaunta, ngoja, nitapiga. Usifikiri nimekasirika. Ukija ofisini, usiniulizie kwa jina la Mama Athieno, hawalijui. Sema unamtaka karani wa dirisha la tatu, ugonge kioo mara mbili, nitajua ni wewe.

Na ukija ghafla nyumbani, kwa sababu yoyote, hata usiyotaka kuisema, na mimi sipo, usikae barazani ukionwa na watu. Zunguka nyuma. Kona ya chini, mkono wa kushoto wa mtu aliye ndani. Vizibo vitatu vya mwisho, vya rangi ya machungwa, havina misumari. Nimevishona kwenye tyubu ili vifanane na wenzake. Vuta ule ukanda wa mpira, utaachia. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ufunguo wa akiba unaning'inia ndani, kwenye msumari mkubwa. Nimepima kwa mkono wako juzi uliponishikia uzi, hukujua kwa nini nilikushika kiwiko.

Ukishaingia, rudisha kona ile, ibonyeze ili mpira ushike, upitishe karatasi. Kisha nipigie uniambie maneno mawili tu: wavu haupumui. Nitaacha lori nililo nalo mkononi, nitakuja.

Nakusikia mlangoni. Nakuja kukusifu kichwa.

Mama